Mada: Kibali cha G na pasipoti iliyokwisha muda

Kutoka: Mkazi wa Ntinda
Habari za jioni wakubwa. Mimi ni Mkenya, niliingia Uganda kupitia Busia kwa kitambulisho, nikapewa kile kikaratasi cha kuvukia. Sasa mwajiri anataka kuniombea G, kibali cha kazi. Leo nimepanga foleni tangu asubuhi, kufika dirishani yule dada akakigeuza kikaratasi, akatazama nyuma ambako hakuna kitu, akasema anataka pasipoti yenye muhuri. Yangu imekwisha muda. Niibadilishe hapahapa Kampala au niende Nairobi? Na nikirudi na mpya, siku zangu zinahesabiwa upya?

Kutoka: Mama Duka, Kabalagala
Pole ndugu yangu. Mimi walinirudisha kwa ajili ya barua ya LC1, ya mwenyekiti wa mtaa, eti muhuri umefifia. Mwenyekiti naye alikuwa ameenda kuzika kijijini. Na usikubali kishoka akutoze ada ya kibali, Wakenya hatulipi. Ila kama ni kwenda Nairobi, nenda mapema. Uchaguzi wa Kenya ni 10 Agosti 2027, na sisi tuliokuwepo kwenye ghasia za 2008 tunajua nchi ile ikikohoa Kampala inalazwa.

Kutoka: Mzee wa Vipuri, Jinja
Mama Duka umenikumbusha mbali. Mafuta ya huku yalikuwa yanapakiwa Eldoret na Kisumu, na huko ndiko kulikokuwa kunawaka. Reli nayo ikang'olewa Kibera. Hapa Jinja vijana wa boda walinunua petroli kwa chupa ya soda, muuzaji anaiinua juani kwanza uone haina maji. Yote hayo kwa sababu kura zilikuwa sare, mpaka msuluhishi Kofi Annan akawasainisha Kibaki na Raila Aprili wagawane nusu mkate.

Kutoka: Mwalimu, Entebbe
Mzee wangu, shikamoo, lakini tusipotoshe vijana. Hakuna aliyesema sare. Kura zilipigwa 27 Desemba 2007, Kibaki akatangazwa mshindi tarehe 30 na kuapishwa jioni ileile. Kivuitu mwenyewe, mwenyekiti wa tume, alisema hajui kama Kibaki alishinda. Tume ya Kriegler ilichunguza ikasema haiwezekani kujua. Mkataba ulisainiwa 28 Februari 2008. Aprili ni baraza la mawaziri 40.

Kutoka: Mzee wa Vipuri, Jinja
Marahaba. Mwalimu, Februari au Aprili, chupa ya petroli nilinunua mimi.

Kutoka: Binti Tororo
Mnaongea petroli. Sisi tulivuka Malaba na magodoro kichwani, tukakaa Mulanda, kisha wengine wakapelekwa Kiryandongo. Museveni alishampongeza Kibaki mapema, na uvumi ukazagaa kwamba wanajeshi wa Uganda wako ndani ya Kenya. Serikali ilikanusha, lakini jaribu kumwambia hivyo mtu aliyechomewa nyumba. Kambini watu wa ODM ya Raila na PNU ya Kibaki walipanga foleni moja ya maharage, wala hakuna aliyekuwa na hamu ya kuuliza jirani alimpigia nani. Baadaye tunasikia redioni wakubwa wanagawana wizara.

Kutoka: Mkazi wa Ntinda
Poleni sana. Kuhusu pasipoti jamani?

Kutoka: Dereva wa Masafa
Ntinda subiri, hili nalo ni muhimu. Sisi wa huku tulipiga kura mara ya kwanza 2013, na tunachagua rais tu. Jamaa wa Kakamega akikosa rais ana gavana, mbunge, hata MCA, mwakilishi wa wadi, wa kumpigia simu. Sisi kura yetu ni muungano mtupu, ukivunjika hatuna kitu. Kalonzo, aliyegombea naye 2007, alikuwa makamu wa Kibaki kabla Annan hajatua Nairobi. Kiapo cha NASA, muungano wa Raila, Kalonzo na wenzao, kilikuwa Uhuru Park 30 Januari 2018, na kinara aliyefika ni Raila peke yake. Machi akashikana mkono na Rais Uhuru, vinara wenzake wakasema hawakuarifiwa.

Kutoka: Mama Duka, Kabalagala
Dereva, handshake ilituliza nchi. Wateja wangu walirudi. Wewe ulitaka tuendelee kuchomeana matairi?

Kutoka: Dereva wa Masafa
Nchi gani ilitulia, mama? Ilisogezwa mbele. Machi 2025 Raila akasaini tena, safari hii na Rais Ruto, pale ukumbi wa KICC. Oktoba Raila akafariki. Sasa mkataba una saini mbili na mwenye moja hayupo, na kila mtu ODM anasema yeye ndiye anayejua Baba, yaani Raila, alikusudia nini.

Kutoka: Mwalimu, Entebbe
Siku ile ya mazishi Bondo nilizima televisheni nikatafuta omena soko zima la Kitooro. Mukene wa huku ni samaki yuleyule wa ziwa lilelile, lakini hakupikika kama wa nyumbani. Ila Dereva, umeiruka Azimio, muungano wa Raila wa 2022, makusudi. Waliokuwa wa kwanza kuhama baada ya 2022 walikuwa wabunge wa upande wako.

Kutoka: Dereva wa Masafa
Upande wangu upi? Taja hapa mbele ya watu, usinitumie faragha kama juzi.