Nampeleka mama Nairobi siku tatu, wenyeji nisaidieni

Binti_Likoni: Wenyeji wa Nairobi hamjambo. Nampeleka mamangu huko mwezi wa nane, tunatoka Mombasa, siku tatu tu. Alisomea ukarani hapo miaka ya 1980 na hajarudi tena. Anataka mambo mawili, apande juu ya KICC, lile jengo refu la mikutano, auone mji wote, halafu afike pale ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa bomu 1998 kwa sababu rafiki yake waliyekaa naye chumba kimoja jina lake liko pale ukutani. Sasa kila nikimwambia mtu naenda Nairobi na mama ananitisha, mara simu itaenda mara mtavuliwa mpaka viatu, nimefika mahali naogopa hata kumtoa hotelini. Niambieni ukweli, tutembee kwa miguu ama tushinde ndani ya teksi?

Kijana_wa_Buru: Siz tembeeni, tao mchana ni watu na shughuli zao. Kitu moja tu, simu. Mimi nilikuwa kwa matatu, nimekaa dirishani, tumesimama kwa jam Haile Selassie naandika meseji, mkono ukaingia kama wa mtu anachuna embe na simu ikaenda, nimebaki nimeshika hewa, na abiria wa nyuma ananiambia pole funga dirisha. Kwa hivyo dirisha lifungwe na simu ikae ndani ya mkoba, mkoba uwe mbele. Ukitaka kuangalia ramani ingia dukani ama simama karibu na soja wa mlangoni, ukimuuliza njia atakuonyesha vizuri.

MamaZuhura: Mwanangu karibuni. Mimi ni mtu wa Kisauni lakini niko huku miaka 19 na nimetembeza wageni wengi. Pandeni SGR, treni ile mpya, ya asubuhi msije mkashuka giza, mkifika Syokimau kuna treni ndogo inawaleta mpaka stesheni ya zamani katikati ya mji, msikubali mtu awabebee mzigo akiwaambia ana teksi ya bei nzuri. Na mama avae sweta, Agosti huku leso haitoshi.

KICC nendeni asubuhi, ulizeni mapokezi kwanza kama juu kuko wazi maana kukiwa na mkutano mkubwa wanafunga. Mkitoka hapo ni mwendo mfupi mpaka Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa, lile jengo la mawe lililokuwa benki zamani, chini kuna vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais, mama atafurahi. Mbele yake ndipo ilipo sanamu ya Tom Mboya. Hapo nje watu ni wengi sana, mshike mkono. Kisha fuateni Moi Avenue, barabara hiyo hiyo ya Archives, mpaka kona ya Haile Selassie, ndiyo bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7. Msiharakishe. Ukuta una majina zaidi ya 200, muacheni alitafute mwenyewe.

Otis_K: Naongezea, mtu akiangusha bahasha ya pesa mbele yenu na mwingine aiokote akisema tugawane, msisimame hata kujibu. Hao ni kundi moja. Na Ikulu ama askari wenye bunduki usipige picha.

Kijana_wa_Buru: Mkiwa na nguvu, makumbusho ya reli iko karibu na stesheni, kuna behewa ambalo simba alimtoa Mzungu ndani mwaka 1900 kule Kima. Wanyama nao, Nairobi National Park simba na kifaru wapo ila ndovu hakuna, ndovu wadogo nendeni Sheldrick, kituo cha kulea ndovu yatima, saa tano mpaka saa sita mchana, na lazima uweke nafasi mapema kabisa. Huko chukueni teksi ya kwa simu, hakikisha namba ya gari kabla mama hajaingia. Usiku River Road msizubae.

Binti_Likoni: Mungu awabariki, nimemsomea mama yote mpaka la behewa, amecheka kisha akanyamaza. Tiketi ya treni ya asubuhi nakata leo. Ameuliza tu, hapo kwa ukuta anaweza kuweka maua?

MamaZuhura: Watu huweka mwanangu. Nunueni City Market, Muindi Mbingu Street, wauza maua wako hapo hapo. Mwambie achague mapema asubuhi, yanakuwa mabichi.