Programu tatu, malipo ya aina moja: nitenge huduma au kifurushi?

MwanaIsevya: Habari zenu wakuu. Niko Tabora mjini, tuko wawili tu, mimi na mdogo wangu. Tuna programu tatu: ya chama cha wakulima wa tumbaku, ya wafuga nyuki wa Sikonge na ya SACCOS moja. Mbili ni Laravel, yaani lugha ya PHP, ya tatu ni lugha ya Python. Zote zinapokea malipo ya simu, zinatuma SMS, zinapiga hesabu za makato. Mpaka leo nakopi na kupesti. Juzi nimekuta kosa la kukadiria senti kwenye makato. Nimelirekebisha mara tatu, na ile ya tatu nikakosea upya. Mteja wa nne yuko njiani. Nitenge huduma moja ambayo programu zote zinaiita mtandaoni, kwa REST au gRPC (njia mbili za programu kuongea), au nishike kifurushi cha Composer, yaani msimbo wa PHP unaowekwa ndani ya kila programu?

FundiKibao: Mkuu, angalia kwanza kila kipande kinabeba nini. Malipo yana kumbukumbu, yana funguo za siri, yanaongea na kampuni ya simu. Hayo yafanye huduma, yakae sehemu moja. Makato ni hesabu tupu. Kuyapeleka mtandaoni ni kujitafutia maradhi. Composer haitakusaidia upande wa Python, kwa hiyo andika mara mbili, ila weka faili moja la JSON (data kwa maandishi, lugha zote zinaisoma) lenye mifano na majibu yake. Lugha zote mbili zipimwe kwa faili hilo.

DadaWaSeva: REST na JSON. gRPC ya Google ni nyepesi kweli, lakini ujumbe wake husomi kwa macho, na kivinjari hakiiti bila daraja katikati. Malipo yakikwama saa nne usiku utataka kufungua logi (kumbukumbu za matukio) usome. Halafu hili usilisahau: mtandao ukikatika huko Sikonge, programu itatuma ombi tena. Kila muamala uwe na namba yake. Huduma ikiiona mara ya pili irudishe jibu lile lile, isikate hela upya. Mimi hapo nilishalia.

MzeeWaXML: Nimekula chumvi nyingi enzi za SOAP, ile njia ya zamani ya huduma kuongea kwa XML, nisikilizeni. Huduma kumi za watu wawili, umeme ukirudi nani ataziamsha? Na tofauti za wateja zikae kwenye mipangilio. Ukianza "kama ni tumbaku, fanya hivi" ndani ya huduma, umerudi kulekule.

MwanaIsevya: Nimewapata. SMS nayo je?

FundiKibao: Huduma, ila ikae seva ileile ya malipo kwanza.

MwanaIsevya: Poa. Dogo ameshaanza lile faili la mifano. Mfano wa kwanza kuuweka ni uleule wa senti ulioniaibisha.