HESABU PELEKA SHULENI?! Fundi kaniulia chumba, halafu ananitukana mbele ya vibarua

Wakuu, nimetoka saiti sasa hivi, hata mikono haijatulia. Simtaji. Wote mnamjua, yule wa kofia ya njano na simu mbili zisizopokelewa.

Chumba cha watoto, mita 4 kwa 3. Leo fundi marumaru kaanza kupanga, kufika ukuta wa pili mambo yakaharibika: huku kigae kizima, kule kipande cha upana wa kidole. Nikashika futi mwenyewe. Kuta zinazotazamana sawa kabisa, 4 na 4, 3 na 3. Nikavuta kona kwa kona: 5.20. Kona zile nyingine: 4.79. Namwonyesha huyo wa kofia ya njano aliyejenga, jamaa anacheka! "Bosi, hesabu peleka shuleni, sisi tunajenga nyumba."

Peleka shuleni. Mimi! Niliyemlipia mpaka vocha!

Eti "pande zinalingana, unataka nini tena?" Pande zinazotazamana zikilingana umepata msambamba, umbo ambalo kona zake zaweza kuinama, basi! Mstatili unataka na hanamu, yaani vile vipimo vya kona kwa kona, zilingane, hapo ilitakiwa iwe 5 kwa 5. Kamba ya 3-4-5, ile ya kuhakikisha kona ni nyuzi 90, hakuigusa. Mtoto akilala chumba kile ataamka yuko kwa jirani. Na mama ntilie alicheka, wakuu. Alicheka na mwiko mkononi.

KokotoNusu: Pole mkuu. Ila msingi ulipochimbwa ulikuwa wapi, ughaibuni?

TichaMstaafu: Kwanza umethibitisha ni msambamba? Vuta kamba mbili kona kwa kona. Kila moja ikiikata mwenzake katikati, ni msambamba. La sivyo hiyo ni pembenne tu.

Mleta uzi: Ticha, 4 na 4, 3 na 3, ushahidi umeshatosha! Mimi nalia na ile "peleka shuleni".

BintiSaruji: Povu lote hili chumba kimoja? Nikajua ghorofa.

MzeeWaRamani: Wa kwangu alipima hanamu, zikalingana, akatamba mtaa mzima. Kumbe ukuta wa mbele mrefu kuliko wa nyuma. Trapeza safi! Hanamu peke yake nayo inadanganya. Na saruji yangu sijaiona mpaka leo.

KokotoNusu: Saruji tu? Wa kwangu kasepa na nondo, toroli na shemeji.

BintiSaruji: Nyie hamjakutana na fundi cherehani. Kitambaa cha sare nilimpa mapema, harusi imepita, bibi harusi kajifungua, yeye "njoo kesho".

MzeeWaRamani: Huyo wa cherehani ana kituo karibu na kwa muuza mkaa? Kama ndiye, na mimi namdai suruali.

BintiSaruji: Ndiye huyohuyo!!

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Mbele ya mama ntilie jamani!

KokotoNusu: Huyo mama ntilie wali maharage anauza bei gani?