Eti "imekufa hii, peleka chuma chakavu", na buti hajafungua!

Bwana Fyuzi (mwenye uzi):
Wakuu, salamu baadaye. Yule fundi mnamjua, simtaji, yule mwenye kijiti mdomoni na maneno mengi kuliko spana. Prius yangu, ile haibridi ya Toyota yenye injini na betri kubwa, imewasha pembetatu nyekundu ya onyo kwenye dashibodi, yeye kaipiga tairi teke, katema mate, kasema: "Imekufa hii, peleka chuma chakavu." Teke! Tangu lini tairi ikatoa msimbo wa hitilafu?

Ni kizazi cha pili, ile ya 2004 hadi 2009. Betri kubwa ya huko kwenye buti ina moduli, yaani vibetri vilivyoungwa, 28 za volti 7.2, jumla 201.6, na kompyuta inazisoma mbilimbili. Ukichomeka mashine ya kusoma hitilafu unaliona kundi linaloporomoka ukikanyaga mafuta. Hata P0A80, msimbo wa betri kubwa kuchoka, ikitoka haikwambii chanzo. Huenda vipande vya shaba vinavyounga moduli vimeota kutu ya kijani. Huenda feni inayovuta hewa kando ya kiti cha nyuma imejaa vumbi, betri inachemka kama maharage. Au ni kibetri cha volti 12 kule nyuma: kikichoka, dashibodi inawaka kama ukumbi wa harusi. Yeye kapima kwa kiatu! Buti pekee lililofanya kazi ni la mguuni kwake!

Spana Kumi:
Pole mkuu, ila umempelekea haibridi fundi wa mateke ukategemea nini, eksirei? 😂

Mama Giaboksi:
Wa teke ana nafuu. Kuna yule wa "nabadilisha moduli moja tu, inarudi mpya". Zile 27 zina umri uleule. Ukimweka kijana katikati ya wazee, miezi michache jirani anaanguka. Zichaji zote, kisha kila moja ipe mzigo wa balbu ya wati 55 kwa dakika 2, usome volti mwanzo na mwisho. Inayoshuka kuliko wenzake itoe. Halafu ziunge sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zilale usiku kucha zisawazike. Zikifeli nyingi, acha kuungaunga, weka betri nzima.

Mzee wa Rejeta:
Na kabla ya kugusa: chomoa ile plagi ya rangi ya chungwa inayokata umeme wa betri kubwa, subiri dakika 10, vaa glavu za umeme. Volti 200 hazina msamaha.

Spana Kumi:
Nazo akizipiga teke?

Kizazi cha Tatu:
Nyie na betri zenu. Njooni kwenye 2010 hadi 2015 mlie vizuri. Asubuhi injini inatetemeka, maji yanapungua na chini pakavu: gasketi ya silinda hedi hiyo, na mara nyingi kipoza moshi cha EGR, ule mfumo unaorudisha moshi ndani ya injini, kimeziba masizi. Fundi anabadilisha plagi na koili wee. Gasketi na betri zikija pamoja, na kutu imekula chasisi, hapo tafuta gari nyingine. Betri peke yake kwenye bodi safi ni kama tairi tu, inaisha unaweka nyingine.

Bwana Fyuzi:
Nimewaelewa. Lakini lile teke jamani. Tope la kiatu bado liko kwenye rimu.

Mzee wa Rejeta:
Futa tope. Wa kusemwa ni wanaojaza maji ya bomba kwenye chupa ya maji ya kupoza inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota! Ile ina pampu yake. Gari ikiwa imewaka na maji hayachezi ndani ya chupa, pampu imekufa.

Mama Giaboksi:
Afadhali hao. Kuna anayetia oili yoyote kwenye giaboksi, na inataka ATF WS, oili maalumu ya giaboksi za Toyota, lita 3.8 kwa hiyo ya kizazi cha pili.

Kizazi cha Tatu:
Na yule wa "hiyo oili haibadilishwi maisha"?

Mama Giaboksi:
Huyo namjua! Ana kijiti?

Kizazi cha Tatu:
Hana, anatafuna kucha.

Mama Giaboksi:
Basi ni mwingine. Mfungulieni uzi wake.