Kushuka Geiranger na gari la kulalia: gumzo la kikundi cha ukoo

*Jumanne usiku*

Neema (Oslo): Shikamooni wakubwa wote. Tumefika Åndalsnes, huku huku Norwei, salama. Mama amechoka kidogo lakini anakula vizuri. Kesho ndiyo milima yenyewe: tunapanda barabara ya Trollstigen, tunavuka kwa kivuko, halafu jioni tunashuka kijiji cha Geiranger.

Mjomba Sanga (Iringa): Marahaba mwanangu. Poleni na safari. Hebu niambie, mmechukua gari gani? Dada kaniambia humo ndani kuna jiko na kitanda, tangu hapo sijatulia.

Elia (Oslo): Shikamoo Mjomba. Ni kampavani ya kukodi. Dizeli, gia za mkono, urefu karibu mita 7. Pamoja na watu na mizigo haitakiwi kuzidi kilo 3500, kwa sababu leseni ya daraja B inaishia hapo.

Mjomba Sanga: Marahaba mkwe. Mita 7 na uzito huo siyo gari ndogo tena. Mlima wenyewe una mwinamo gani?

Elia: Trollstigen asilimia 10, kona kali 11. Ya kushukia Geiranger inaitwa Ørnevegen, nayo ina kona 11 na mwinamo huohuo. Juu ni kama mita 620, chini unakuta fiodi yenyewe, yaani mkono wa bahari ulioingia kati ya milima.

Tumaini (Dodoma): Kona 22 kwa siku moja! Mama, unaweza kweli?

Mama Neema: Naweza mwanangu. Leo nimepita chini ya jabali linaitwa Trollveggen, limesimama wima karibu mita 1000. Nimeangalia juu mpaka shingo imeuma. Sikuogopa.

Mjomba Sanga: Kupanda hakunipi wasiwasi. Gari ikishindwa kupanda inasimama, unatafuta namna. Kushuka ndiko kunakoua watu. Mlima Kitonga nimeshuka miaka yote ya kazi, tani 30 mgongoni, na wote niliowaona wamelala kule bondeni walikuwa wanateremka. Sikiliza mkwe: gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Ikiwa mlima umeupanda kwa namba mbili, shuka kwa namba mbili. Na uiingize kabla ya mteremko, ukiwa bado tambarare. Usisubiri gari ikimbie ndiyo uanze kutafuta gia.

Tumaini: Mjomba samahani, kwa nini wasiweke nyutro tu iteremke yenyewe? Dizeli huko bei yake si mchezo.

Mjomba Sanga: HAPANA Tumaini. Usimwambie mtu yeyote neno hilo, hata wa bodaboda. Ukiweka nyutro umeikata injini na matairi. Gari yote inabaki mikononi mwa breki peke yake.

Rehema (Nakuru): Tumaini, mimi naishi karibu na Salgaa. Malori yalikuwa yakishuka hapo kwa frii, hiyo nyutro, dereva anaokoa mafuta kidogo auze. Tumezika watu wengi sana kwa ajili ya hayo mafuta. Tafadhali mdogo wangu.

Tumaini: Nimeelewa dada. Nisameheni.

Neema: Mjomba, mimi sijui gari. Breki nzima kabisa inashindwaje?

Mjomba Sanga: Inashindwa kwa joto. Kila unapokanyaga, mwendo wa gari unageuka kuwa moto pale kwenye diski. Ukikanyaga ukaachia, upepo unapoza. Ukiweka mguu juu yake kilomita nzima, moto haupati pa kutokea. Kwanza pedi zinaanza kuteleza, unakanyaga na gari haisikii. Halafu joto linaingia kwenye mafuta ya breki. Mafuta yakiwa ya zamani yameshavuta unyevu, yanachemka upesi, yanatoa mapovu. Povu linabonyea. Hapo pedali inazama mpaka sakafuni kama umekanyaga sifongo, na gari inaenda. Dalili ya kwanza ni harufu. Ukiisikia harufu ya pedi, usiseme nifike kona ile kwanza. Toka barabarani.

Elia: Ni kweli Mjomba. Hapa Norwei wana msiba wao wasiousahau. Mwaka 1988 basi kutoka Sweden lilikuwa linashuka Måbødalen, upande wa Hardanger, limebeba watoto wa shule na wazazi. Breki zikashindwa. Walikufa watu 16, wengi wao watoto.

Mama Neema: Mungu awarehemu. Mkwe, kesho tutaenda polepole.

Mjomba Sanga: Dada, kesho wewe kaa nyuma ufunge mkanda. Neema akae mbele, yeye ndiye utingo. Huko mnapita kulia na usukani uko kushoto, kwa hiyo dereva haoni vizuri ukingo wa kulia. Utingo ndiye macho ya upande huo. Neema, usimpigie kelele, mwambie tu "umebakiwa na nusu mita", "sawa", "rudi kidogo".

Neema: Sawa Mjomba. Nitafanya hivyo.

Mjomba Sanga: Jingine. Tangi la maji lina lita ngapi?

Elia: Lita 100, limejaa.

Mjomba Sanga: Basi umebeba kilo 100 bure. Mwaga, bakiza ya kunywa na kunawa. Huko maji hayakosekani. Funga gesi kwenye mtungi wenyewe, siyo kwenye jiko tu. Makabati yote yafungwe, friji iwekewe komeo lake. Sufuria ikianguka nyuma kwenye kona dereva anageuka kuangalia, na hapo ndipo mnapotoka barabarani.

Shangazi Tuli (Mbeya): Na Trollstigen si ndiyo ile niliyosikia ilifungwa kwa mawe?

Elia: Ndiyo Shangazi. Mwaka 2024 waliifunga mawe yalipokuwa yanaporomoka, ikafunguliwa tena 2025. Majira ya baridi inafungwa kila mwaka kwa theluji. Usiku huu nimeangalia taarifa za idara ya barabara, iko wazi. Asubuhi nitaangalia tena kabla ya kuwasha gari.

*Jumatano asubuhi*

Neema: Tunaondoka. Maji yamemwagwa, gesi imefungwa. Nikiwa kazini kama utingo sitaandika, msishtuke nikikaa kimya.

Shangazi Tuli: Mungu awatangulie.

Neema: [Picha 4]

Neema: TUKO JUU! Mama analia kwa furaha. Hapa tumesimama sehemu ya kutazamia, barabara yote tuliyopanda inaonekana chini, imejikunja mara 11. Ilifunguliwa 1936 na Mfalme Haakon wa Saba, ujenzi ulichukua miaka 8. Ukiziona zile kuta za mawe zinazoshikilia kona unawaheshimu waliojenga. Katikati kuna maporomoko ya Stigfossen, na barabara inayakatiza kwa daraja la mawe. Tulipopita maji yalirushwa mpaka kwenye kioo, Elia ikabidi awashe waipa.

Mjomba Sanga: Asante Mungu. Mmepishana na magari makubwa?

Elia: Basi moja la watalii Mjomba. Lilikuwa linashuka, nikaliona likiwa kona ya juu yangu. Nikasimama chini ya kona, sehemu iliyonyooka, nikaliachia kona yote. Likaichukua nzima, pua yake ikapita juu kabisa ya ukingo wa nje. Ningeingia tungebanana mle ndani.

Mjomba Sanga: Umefanya kazi ya dereva. Basi lenye watu halipewi nusu kona. Na mkia wako je?

Elia: Huo ndio niliokuwa nauwaza. Nyuma ya tairi za nyuma kuna bodi ndefu, nikikata kulia mkia unatoka kushoto. Kwa hiyo nilikuwa nachelewa kukata, naingia ndani ya kona kwanza ndipo nazungusha usukani. Neema alikuwa ananisomea ukingo, tena kwa sauti ya chini kabisa.

Mama Neema: Binti yangu amekuwa utingo hodari. Na huku juu kuna kondoo wamelala katikati ya lami, wana kengele shingoni, hawaogopi gari. Magari yote yamesimama yanawasubiri.

Shangazi Tuli: Wasubirini. Mali ya watu hiyo.

*Jumatano mchana*

Neema: Tumeshuka Valldal, mteremko wa upande huu ni mrefu ila haukabi. Mama amenunuliwa stroberi za hapa, hili bonde linasifika kwa stroberi. Sasa tuko foleni ya kivuko, Linge kwenda Eidsdal. Ni kama dakika 10 tu majini.

Mjomba Sanga: Kwenye kivuko, hendibreki na gia ndani. Mkitoka upande wa pili msikimbizane na walioshuka pamoja nanyi. Kivuko kikishusha magari, kila mtu anataka awe mbele. Waache wote waende.

Elia: Sawa Mjomba. Hatuna haraka, kambi ya Geiranger tumeshaweka nafasi.

Neema: Tumefika Ørnesvingen, kona ya juu kabisa ya Ørnevegen. Geiranger yote iko chini ya miguu yetu, meli kubwa ya watalii inaonekana ndogo ya kushika mkononi. Kwa mbali kuna maporomoko ya Dada Saba. Mwenyeji mmoja ametusimulia kwamba kabla ya barabara hii kufunguliwa mwaka 1955, wakati wa baridi Geiranger haikuwa na barabara ya kutoka kabisa. Fiodi hii imo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2005. Elia ameweka namba mbili hapahapa tukiwa tumesimama. Tunashuka.

Shangazi Tuli: Tuko pamoja nanyi kwa sala.

Rehema: Taratibu.

Tumaini: Bado?

Mjomba Sanga: Waacheni. Msimpigie utingo simu.

Tumaini: Saa nzima sasa Mjomba.

Neema: TUMEFIKA. Wote wazima. Tumechelewa kwa sababu tulisimama kumsaidia mtu, Elia atawaeleza.

Mjomba Sanga: Alhamdulillah na bwana asifiwe, yote mawili. Eleza mkwe.

Elia: Mjomba, nimeshuka kwa namba mbili mwanzo mpaka mwisho. Injini inalia kwenye mizunguko kama 3000, masikio yanasema badilisha, lakini nikakumbuka ulivyosema. Mguu wangu ulikuwa nje ya breki, umepumzika sakafuni, muda mwingi. Nikikaribia kona nakanyaga mara moja kwa nguvu, sekunde chache, naachia, nakata kona, injini inaishika tena. Nyuma kukawa na msururu wa magari. Nikaona sehemu ya kupishana, kile kibao cha bluu chenye M nyeupe, nikaingia wote wakapita. Mmoja akanipungia mkono.

Elia: Sasa hapo ndipo tukakuta kampavani nyingine imesimama, wazee wawili, mume na mke. Moshi mwembamba unatoka tairi za mbele. Harufu ile uliyoitaja, kali, inakaa kooni. Nilipeleka kiganja karibu na rimu bila kuigusa, joto lake nikalihisi nikiwa bado mbali. Mzee ameshika chupa ya maji anataka kumwaga pale.

Mjomba Sanga: Asimwage!!

Elia: Nilimzuia Mjomba. Nikamwambia diski ya moto ikipigwa maji baridi inaweza kupasuka. Nikamwomba aweke gia kwenye P ya kuegesha, tukaweka zile kabari za plastiki chini ya matairi, akaachia pedali, ili pedi zisikae zimebana diski ya moto. Halafu tukangoja. Ile gari ni otomatiki, alikuwa ameiacha kwenye D ya kwenda mbele, yenyewe ikawa inapanda gia za juu, na yeye mguu kwenye breki tangu juu.

Mjomba Sanga: Otomatiki nazo zina njia yake. Kuna M ya kuchagua gia mwenyewe, au alama ya kujumlisha na kutoa.

Elia: Ndiyo, nikamwonyesha. Hakuwahi kuitumia. Mama akawapikia chai kwenye jiko letu wakati tunangoja.

Mama Neema: Yule mama alikuwa anatetemeka mikono. Nikamshika tu, tukakaa. Lugha hatuelewani, lakini chai alikunywa vikombe viwili.

Rehema: Mama, umefanya vizuri sana.

Elia: Breki zilipopoa alijaribu pedali gari ikiwa imesimama, ikawa ngumu kama kawaida. Akashuka nyuma yangu kwa gia ya pili, pole pole mpaka chini. Nimemshauri kesho asiondoke kabla fundi hajaangalia pedi na mafuta ya breki, na amekubali.

Mjomba Sanga: Mkwe wangu, nimefurahi kuliko unavyojua. Miaka yote hii nilikuwa nawaambia vijana wa garini, wengine wanasikia, wengine wanacheka. Leo neno limefika mpaka Geiranger.

Tumaini: Na mimi nimeshalipeleka kwa wenzangu kijiweni, Mjomba. Hili la nyutro wengi tulikuwa tunaamini.

Mjomba Sanga: Endelea kulipeleka. Kesho ratiba yenu ni ipi?

Elia: Tunapanda kusini, tunapita ziwa Djupvatnet, liko zaidi ya mita 1000 juu ya bahari. Kuna barabara ya kulipia ya kwenda kilele cha Dalsnibba, karibu mita 1500. Baada ya hapo tunateremka kuelekea Stryn. Kuna njia ya zamani, Gamle Strynefjellsvegen, iliyokamilika 1894, kilomita 27, nzuri sana kwa macho lakini nyembamba. Kwa gari hii nachagua barabara kuu ya mahandaki.

Mjomba Sanga: Chagua kuu. Ila handaki lenye mteremko nalo ni mlima, usidanganyike kwa kuwa huoni bonde. Gia ileile. Na asubuhi gari ikiwa baridi, fungua boneti uangalie kikopo cha mafuta ya breki, kisha pitia pedi kwa tochi kupitia rimu.

Elia: Sawa Mjomba. Nitapiga picha vyote nikutumie kabla ya kuwasha.

Mjomba Sanga: Itume saa 1 asubuhi ya kwenu. Nitakuwa macho.