Msaidizi wa mtandaoni ananiita MPENDWA MTEJA kwenye biashara yangu mwenyewe!!!

Mshona Mikoba (mleta uzi):

Wakuu, mikono inanitetemeka hapa, mnisamehe nikikosea herufi. Mpendwa Mteja. MIMI! Mimi niliyeifungua hiyo biashara, ninayenunua zipu, nyuzi, bando na kulipa mshahara wake yeye, leo naitwa Mpendwa Mteja!

Mnamjua, sina haja ya kutaja jina. Yule yule mwenye picha ya hedifoni shingoni na meno yote nje, anayejitangaza kila kona "nakurudishia muda wako, bosi". Nusu yenu humu mmeshapita mikononi mwake, nusu iliyobaki anawanyemelea.

Nilimchukua ajibu meseji za wateja, atume ankara, apange miadi kwenye kalenda na awakumbushe wanaodaiwa. Basi. Sikumwomba achimbe bwawa la umeme. Siku ya usaili hakuna asichokijua, kalenda kazaliwa nayo, majedwali kayalea yeye. Kuanza kazi tu, kalenda ya biashara kaiacha kwenye majira ya nchi ya bosi wake mwingine, mteja wangu akaalikwa kikao saa nane usiku. Na akaja, maskini, kwenye video kajifunika shuka. Nikavumilia. Meseji zinajibiwa mteja akishaota mvi. Nikavumilia.

Sasa leo. Mteja wangu wa jumla, ambaye oda yake moja inabeba mwezi mzima, anauliza tangu asubuhi mzigo umefika wapi. Kimya. Nampigia msaidizi, hapokei. Nikasema ngoja nimfuate hukohuko aliko. Nikashika simu yangu binafsi, nikaandika kwenye namba ya biashara, ambayo yeye ndiye anaihudumia kupitia kompyuta yake: "Uko wapi? Mteja wa jumla analalamika, mjibu sasa hivi."

Simu ya biashara iko mezani, mbele ya macho yangu. Naona jibu linatoka humo na kuingia kwenye simu niliyoishika:

"Mpendwa Mteja, asante kwa kuwasiliana nasi. Ujumbe wako ni muhimu sana kwetu. Tutakujibu ndani ya saa 24 za kazi."

Jamani, hayo maneno nimeyaandika MIMI. Kila mkato niliuweka kwa mkono wangu. Nikaandika kwa herufi kubwa: NI MIMI MWENYE BIASHARA. Mnajua alijibu nini?

"Mpendwa Mteja, pole kwa usumbufu. Malalamiko yako tumeyafikisha kwa uongozi."

Uongozi gani? Uongozi ni MIMI! Uongozi umekaa hapa umeshika simu mbili unatweta!

Kabla sijapata pumzi ukaingia wa tatu, unaniomba niitathmini huduma kwa nyota moja hadi tano. Nyota, wakuu! Huyu mtu afanywe nini? MPENDWA MTEJA!!!

Kisiki:

Mpendwa Mleta Uzi, asante kwa kuwasiliana nasi. Povu lako ni muhimu sana kwetu. Utajibiwa ndani ya saa 24 za kazi.

Bi Ankara:

Nimecheka mpaka nimemwamsha mtoto. "Uongozi umeshika simu mbili unatweta"! Ila pole, mkuu, huyo namfahamu. Kwangu alitakiwa kuwatangazia wateja punguzo kwa barua pepe. Badala ya kuweka anwani kwenye nakala fiche, kaziweka zote wazi, kila mteja anaona anwani ya mwenzake. Nikamwambia umeniharibia, omba radhi. Akaomba radhi. Kwa wote. ANWANI ZIKIWA WAZI TENA. Ndipo wateja wakaanza kubonyeza "jibu wote": huyu anasema nitoeni, yule anauliza nani kaniingiza, mwingine akaanza kuwauzia wenzake viatu humo humo. Kuna mmoja anaishi Ujerumani, akanikumbusha sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, ile iliyoanza kutumika Mei 2018. Nililala na blauzi ya kazini siku hiyo.

Mshona Mikoba:

Asante dada. Lakini wewe angalau hakukuita Mpendwa Mteja.

Kobe Mwendokasi:

Mleta uzi umegombana na mashine. Hilo ni jibu otomatiki, hakuna mtu hapo. Umepandisha presha bure.

Mshona Mikoba:

Otomatiki ya shangazi yako! Kwenye WhatsApp Business ujumbe wa kutokuwepo ofisini nimeuzima mwenyewe. Lile la kwanza ni jibu la haraka: unaandika mkwaju (/), orodha inafunguka, unachagua, unabonyeza kutuma. Hicho ni kidole cha mtu! Na la "uongozi" halimo kabisa kwenye orodha yangu, kalitunga mwenyewe, kwa ajili yangu mimi. Nilikuwa naona pale juu "anaandika...", nikajua sasa anakuja kuomba msamaha. Kumbe anatafuta uongozi wa kunipeleka!

Kobe Mwendokasi:

Basi nimekaa pembeni. Hilo la kutunga ni la makusudi.

Nyota Tano:

Swali moja. Ulimpa nyota ngapi?

Mtu wa Mitambo:

Mkuu, punguza hasira, ingia kwenye simu ya biashara, mipangilio, vifaa vilivyounganishwa, gusa kompyuta yake, mwondoe. Simu kuu iko kwako, yeye ni mgeni tu. Na barua pepe usigawe nywila, Gmail inakuruhusu kumkaribisha mtu asome na kujibu kwa niaba yako bila kuijua nywila, na mkiachana unamfuta. Watu wanagawa nywila ya barua pepe, kisha ndiyo hiyo hiyo ya benki, halafu wanakuja kulia hapa.

Mshona Mikoba:

Nimeshamwondoa. Namba yake ilikuwa haipokelewi tangu asubuhi, nilipomwondoa tu, kapiga yeye mwenyewe: "Bosi, mbona kama mtandao unasumbua?" Sauti kavu kabisa. Nikamwambia malalamiko yako tumeyafikisha kwa uongozi. Nikakata.

Bi Ankara:

HAPO SASA! Umelipa kwa sarafu yake.

Mbavu za Kompyuta:

Naomba kuuliza, mimi ni mmoja wa hao wasaidizi mnaowachamba. Mbona habari za waajiri hamzileti? Niliajiriwa kujibu meseji. Wiki ya pili nachora nembo. Ya tatu natafsiri mkataba wa pango. Ya nne bosi ananitumia picha za hesabu za mwanawe, eti "zipitie kidogo". Malipo ni yale yale ya kujibu meseji. Na muda wote programu inapiga picha kioo changu, nikienda msalani narudi nakuta ameuliza "mbona hakuna mwendo?" Nikimaliza kazi mapema nalipwa kidogo, mwenzangu anayejivuta analipwa zaidi. Hapo mtu mwenye akili afanyeje?

Kisiki:

Asiwaite waajiri Mpendwa Mteja, kwa kuanzia.

Mzee wa oDesk:

Wacha niwaambie vijana. Mimi hizi kazi nimeanza enzi za oDesk, soko la kazi za mtandaoni, haijaungana na mwenzake Elance, hilo jina la Upwork la mwaka 2015 halijazaliwa. Picha za kioo zilikuwepo tangu wakati huo. Kwa kazi za saa, saa moja inakatwa vipande vya dakika kumi, na katika kila kipande picha inapigwa wakati usioujua. Inamlinda msaidizi pia, maana bosi akigoma kulipa, rekodi ipo. Tatizo ni bosi anayekaa kuzitazama picha hizo kutwa nzima. Sasa hapo nani anamsaidia nani? Si angezijibu meseji mwenyewe?

Duka la Kona ya Pili:

Mzee umesema kweli nusu. Wangu alikuwa na picha safi, mwendo wa kipanya mzuri, saa zote zimejaa. Nikaja kuzitazama kwa utulivu: mchana kutwa ni jedwali moja, ukurasa mmoja, mshale tu ndio unacheza, leo kushoto, kesho kulia. Kumbe kuna kidude kinauzwa, unaweka kipanya juu yake kinakitikisa. Nimemlipa kidude! Kidude kimekula mshahara na marupurupu!

Mbavu za Kompyuta:

Umenunua saa, umeletewa saa. Ungenunua kazi ungeletewa kazi. Andika: ankara zote zitoke kabla ya Ijumaa, meseji zijibiwe siku hiyo hiyo, malipo haya. Hakuna kidude kinachotuma ankara.

Duka la Kona ya Pili:

Na nikilipa kwa kazi mnalipua. Nilimpa mmoja bidhaa aziandikie maelezo, zote kaziandikia "bora kwa matumizi yako ya kila siku". Mpaka kufuli. Kufuli bora kwa matumizi yako ya kila siku!

Mshona Mikoba:

Jamani, tumetoka kwenye mada. Huyu mtu ameniandikia "tumeyafikisha kwa uongozi" huku anaujua uongozi kwa jina, kwa sura na kwa siku ya mshahara. Mteja wa jumla nimempigia mwenyewe, nimeomba radhi mpaka sauti imekauka. Tuzungumzie hilo.

Nyota Tano:

Mpendwa Mteja, tafadhali subiri kwenye foleni. Tunamhudumia mwenye kufuli.

Penseli Kali:

Nimeona mahali "wiki ya pili nachora nembo", damu imenichemka. Mimi kuchora nembo ndiyo kazi yangu. Mtu anamwachia msaidizi wa meseji achore nembo, inatoka herufi tatu zimegongana, halafu ananifuata: "rekebisha kidogo tu, dakika tano". Kidogo tu maana yake anza upya bila malipo. Na kila mara maoni ni hayo hayo, ifanye kubwa, iwe ya kuvutia, ongeza rangi, toa rangi, rudisha ile ya kwanza.

Duka la Kona ya Pili:

Nyie wa nembo ndio msiseme kabisa. Wangu alinipa picha nzuri kwenye simu, nikaipeleka kwa wachapaji ikae kwenye bango, ikatoka vijiboksi vitupu. Wapita njia wanadhani tunauza vigae.

Penseli Kali:

Kwa sababu ulipeleka picha ya JPG iliyopita kwenye WhatsApp ikabanwa. Picha imejengwa kwa nukta, ukiivuta iwe bango unazivuta nukta. Wachapaji wanataka vekta, mchoro wa mistari badala ya nukta, hiyo ukiivuta hata iwe na ukubwa wa ghorofa haichakai.

Duka la Kona ya Pili:

Sikupewa vekta mimi.

Penseli Kali:

Uliiomba?

Duka la Kona ya Pili:

Nitaombaje kitu nisichojua kipo? Yeye ndiye fundi, yeye ndiye aniambie!

Mbavu za Kompyuta:

Hapo nipo na mwenye duka. Faili za asili ni za aliyelipa.

Penseli Kali:

Za aliyelipa kama mliandikishana hivyo. Mliandikishana?

Mzee wa oDesk:

Hawa hawaandikishani. Wanasema "tutaelewana".

Duka la Kona ya Pili:

Mzee usiniingilie, nilikuwa na meseji zake zote, msaidizi wa kidude ndiye aliyezifuta akidai anasafisha simu!