Ati VLAN ni leya ya 3 "kwa sababu ina IP"! Wakuu, leo nimedhalilishwa mbele ya kikao

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Kwa wageni: VLAN ni kugawa mtandao mmoja wa swichi kuwa vipande vinavyotengana; leya ya 2 ni ya fremu za kadi za mtandao, leya ya 3 ni ya anwani za IP. Modi naomba msiunganishe uzi huu na mwingine wowote, maana yaliyonikuta asubuhi hii hayajamkuta fundi yeyote tangu waya uvumbuliwe.

Ni jamaa wa ofisini kwetu, mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule yule aliyebandika vyeti ukutani mpaka dirisha halionekani. Kikaoni tuko watu 12, mhasibu yupo, mama wa chai yupo na birika lake. Jamaa akaniambia niifungue seva ya Linux kwenye skrini kubwa. Nikafungua. Akaona eth0.10, yaani VLAN 10 juu ya kadi ya mtandao eth0, chini yake anwani ya IP 192.168.10.1/24. Akanyanyuka, akachukua kalamu ya ubaoni, akaandika kwa herufi za kusomeka toka barabarani: VLAN = LEYA 3. Akapiga mstari chini. Akapiga na wa pili! Kisha akanigeukia: "Kijana, si unaona ina IP? Rudi shule."

Mimi nirudi shule!

VLAN ni leya ya 2, wakuu. Tagi ya 802.1Q, kiwango cha VLAN, ni baiti 4 zinazochomekwa ndani ya fremu ya Ethernet (bahasha inayobeba data), baada tu ya anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao) ya mtumaji, IP hata hujaifikia. Namba ya VLAN humo ina biti 12, ndiyo maana zinazotumika zinaishia 4094. Anwani ya IP hakuna, tafuta hata kwa tochi. Linux yenyewe inakwambia:

ip link add link eth0 name eth0.10 type vlan id 10

Ni ip LINK! Anwani unaiweka baadaye kwa ip addr, na usipoiweka VLAN inabaki VLAN. Mbona eth0 nayo huwa ina IP na hajasema kadi ya mtandao ni leya ya 3? Mtu akivaa kofia, kichwa kimegeuka kofia?

Na huo mstari wa pili ulikuwa wa nini? Wa kwanza ulishaniua.

Kikao chenyewe kilikuwa cha printa. Watu wa VLAN 20 hawaipati printa iliyo VLAN 10. Nikasema, kuvuka toka VLAN moja kwenda nyingine ndiyo kazi ya leya ya 3, na kwenye seva hii net.ipv4.ip_forward, swichi ya kuruhusu seva ipitishe pakiti toka mtandao mmoja kwenda mwingine, ni 0 (imezimwa), tuiweke 1. Akanijibu kwa kugonga ubao. Pale pale kwenye ile mistari.

Kebo_Mbovu: Pole sana mkuu. Mama wa chai alisemaje?

Mleta mada: Alicheka mpaka akaweka birika chini. Mhasibu kapiga picha ubao, sasa hivi uko kwenye grupu la ofisi. Mistari yote miwili inaonekana.

Bwana_Tabaka: Neno ni TABAKA. Leya ni kuku wa mayai.

Swichi24: Mleta mada unalia sana. Ungeendesha tcpdump, programu ya kunasa pakiti, hivi: tcpdump -e -n -i eth0 vlan mbele yao, wangeona "vlan 10" imetangulia, IP inafuata, kikao kimekwisha. Umenyamaza kule, unakuja kutufokea sisi.

Mleta mada: Ningeendesha vipi mtu kanielekezea kalamu machoni?

Fundi_wa_Paa: Wako afadhali. Wangu kawapa uhasibu 192.168.1, wageni 192.168.2, wote swichi moja isiyo na VLAN hata moja, anatamba katenga mitandao. Ombi la ARP, la kuuliza nani ana IP fulani, linatoka kila poti! Mgeni kajipangia anwani ya 192.168.1 mwenyewe, kesho yake yuko ndani ya mafaili ya mishahara.

Mama_Seva: Wangu aliipa intafesi jina "vlan-uhasibu-ghorofa-ya-pili". Linux ikakataa, akatangaza Linux ni mbovu. Jina mwisho herufi 15, baba!

Swichi24: Fundi, hiyo mishahara ilikuwaje? Tupe hata ya dereva.

Kebo_Mbovu: Mmetaja ghorofa ya pili mmenitonesha. Kwetu lifti imekufa tangu Pasaka, seva napandisha begani.

Mleta mada: Jamani turudi kwenye ubao. MISTARI MIWILI. Mbele ya mhasibu.

Mama_Seva: Kebo pole, sisi jenereta ndiyo limekufa. UPS inalia kama mtoto wa jirani.

Fundi_wa_Paa: Bwana_Tabaka, kwani wewe unafuga? Trei ya mayai unaitoaje?

Bwana_Tabaka: Ukichukua kuanzia trei 10 tunaelewana. Njoo inboksi.

Kebo_Mbovu: Na mimi niwekee 2.